Jinsi ya kutafuta zana za mawe za kale kwenye shamba lililolimwa Uingereza

Kwa mliopo Uingereza, hasa kusini ambako ardhi ni ya chokaa, mashamba ya juu kidogo ya mto kama Thames yana zana za gumegume (jiwe gumu liitwalo flint kwa Kiingereza) za maelfu ya miaka, sababu watu wa kale walipenda kukaa pakavu karibu na maji, na jembe la trekta linazileta juu kila msimu. Kwanza kabisa omba ruhusa kwa mwenye shamba, kwa kawaida jiwe ni lake pia. Eneo lililo chini ya ulinzi wa serikali achana nalo.

Likishalimwa usikimbilie, subiri mvua ioshe udongo ndo mawe yaonekane, kisha nenda kabla mazao hayajakua. Tembea mistari iliyonyooka, polepole, macho chini.

Sasa kazi yenyewe ni kutofautisha, maana mawe mengi yamepasuliwa tu na baridi. Okota kipande, kigeuze kwenye mwanga wa pembeni: kama kimebanduliwa na mtu utaona juu sehemu ndogo bapa palipogongwa, chini yake upande wa ndani kuna kivimbe laini, na kutoka hapo mawimbi yanasambaa kama maji yaliyotupiwa kokoto. Ukiona pia ukingo umemenywa vijipande vidogo vidogo kwa mpangilio, basi huenda ni kikwaruzo cha ngozi au kisu. Angalia rangi pia, gumegume la kale mara nyingi limeota utando mweupe au wa bluu, kwa hiyo pengo jeusi linalong'aa juu ya utando huo ni jembe limegonga juzi tu, usidanganyike.

Halafu jamani, andikeni mahali! Jiwe zuri bila kujua lilitoka wapi limepoteza zaidi ya nusu ya habari yake. Piga picha kabla hujaliinua, chukua GPS ya simu, kila jiwe mfuko wake na namba yake. Suuza kwa maji, usisugue na brashi ya waya. Kisha peleka kwa afisa wa eneo lako wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kurekodi vitu vya kale vinavyookotwa na watu wa kawaida, upo tangu 1997 na hulipii kitu.

Ukirudi likizo Kenya utaratibu ni mwingine, sheria ya makumbusho ya 2006 inalinda vitu hivi, kwa hiyo acha jiwe palepale utoe taarifa makumbusho.