Somo: Kuapdeti GPS ya baskeli isikufie mkononi

Apdeti za GPS za baskeli, vile vifaa vya kwenye usukani vinavyorekodi safari, hazina adabu. Kifaa kinalala kizima, kinaamka kimevuruga kurasa, kimesahau mkanda wa mapigo ya moyo, au kimeganda kwenye nembo. Mara nyingi kosa ni la mtengenezaji. Lakini nusu ya vifo tunavyoviona vinatokana na waya, umeme na papara, na hivyo vinazuilika. Mifano hapa ni ya Garmin Edge. Palipo na tofauti kwa Wahoo ELEMNT tumetaja.

1. Usiwe wa mwanzo
Zima apdeti ya otomatiki kwenye programu ya simu, kama chaguo hilo lipo. Toleo jipya likitoka subiri wiki mbili, uwaache wengine waumie kwanza. Watengenezaji hulitoa kwa mafungu, kwa hiyo mwenzako kulipata kabla yako si dalili kwamba chako kibovu. Na kama Jumapili unakwenda Nungwi, apdeti ya Jumamosi usiku iache ilale. Matoleo ya majaribio, yale ya beta, hayafai kwa kifaa unachokitegemea njiani.

2. Nakili kila kitu
Chomeka kifaa kwenye kompyuta, fungua folda la Garmin, linakili lote zima. Safari zako zimo ndani ya Activities, faili za aina ya FIT. Njia ulizochora zimo Courses. Mipangilio imo Settings. Wa Wahoo hakikisha safari zote zimeshapanda kwenye akaunti kabla ya kugusa chochote.

Hapa ndipo waya unapokukwamisha. Waya nyingi za dukani ni za chaji tu, hazina nyuzi za data ndani. Ukichomeka ukaona alama ya betri peke yake na kompyuta haioni kitu, badilisha waya kabla ya kulaumu kifaa. Edge 530 na 830 hutumia micro-USB; 540, 840 na 1040 ni USB-C. Tundu nalo litazame: hewa ya chumvi ya pwani huacha kutu ya kijani kwenye vyuma vya mguso. Zima kifaa, sugua polepole kwa mswaki wenye spiriti kidogo, acha likauke kabisa.

3. Umeme na bando
Tumia laptop yenye chaji, si kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, umekwisha. Kifaa chenyewe kiwe na chaji zaidi ya nusu. Fanya kazi kivulini, si kwenye dashibodi ya gari wala juani, kwani betri hizi hazitakiwi kuchajiwa joto likipita digrii 45.

Bando lako lilinde. Programu ya kifaa ni MB tu, lakini ramani zinaweza kufika GB kadhaa. Ndani ya Garmin Express, programu ya Garmin ya kompyuta, fungua maelezo ya apdeti, ondoa tiki kwenye ramani, na ramani zifanye siku nyingine penye Wi-Fi ya maana.

4. Kuapdeti kwenyewe
Kwa Garmin tunapendelea waya kuliko simu. Bluetooth ni ya polepole, na simu nyingi za Android huiua programu inayofanya kazi nyuma ili kuokoa chaji.

Kuna awamu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, kompyuta inapakua faili na kuiandika ndani ya kifaa. Ya pili, kifaa chenyewe kinaisakinisha baada ya kuchomolewa. Ukiuvuta waya bila ya kuamuru kompyuta ikitoe kifaa salama, sehemu ya faili huenda bado imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haijaandikwa. Kifaa kitasakinisha kipande. Kwa hiyo: subiri Express iseme imemaliza, kitoe salama, chomoa, kisha mikono mbali na vitufe mpaka ukurasa wa kawaida urudi. Skrini ikizima na kuwaka mara mbili tatu, usishituke.

5. Kagua kabla ya kuingia njiani
Kiweke dakika 15 pahala peupe, Maisara kwa mfano, kidake satelaiti upya. Vichochoro vya Mji Mkongwe havifai: mawimbi hugonga kuta na njia yako itaonekana imepita juu ya mapaa. Halafu kagua saa, vihisi vyote (kama ule mkanda wa moyo) na mzingo wa gurudumu. Tairi ya saizi 700x25 mzingo wake ni kiasi cha milimita 2105, na 700x28 ni 2136. Tairi nyingine pima mwenyewe: vali ya gurudumu iwe chini kabisa, kaa juu ya baskeli, sukuma mzunguko mmoja kamili, pima ardhini.

Masuali ya wanachama

*Wete:* Assalamu alaykum. Yangu imeganda kwenye nembo tangu jana, inawaka inazima. Nimeipoteza?

Waalaykum salaam, kaka. Bado. Bana kitufe cha kuwashia sekunde 10 au zaidi mpaka izime, kisha ichomeke kwenye kompyuta. Ikionekana kama diski, nakili kilichomo, halafu futa faili ya mwisho ndani ya Activities na zote ndani ya NewFiles. Mara nyingi mkosa ni safari au njia iliyoharibika, wala si apdeti. Kifaa hujaribu kuisoma kila kikiwaka na kuanguka palepale. Isipoonekana hata kwa waya mzuri, hapo ndipo pa kuifuta yote na kuirudisha ya kiwandani.

*Mkoani:* Nina GPS kongwe, masafa sahihi lakini tarehe inarudi nyuma karibu miaka 20.

Hiyo ni hesabu ya wiki. Mawimbi ya GPS ya zamani huhesabu wiki 1024 kisha huanza sifuri. Mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019. Vifaa vingine huteleza siku tofauti, kulingana na wiki ambayo programu yake ilianzia kuhesabu. Dawa ni apdeti ya mtengenezaji tu. Kama ameshakitupa kifaa hicho, itabidi urekebishe tarehe za safari kwa mkono kwenye kompyuta.

*Bwejuu:* Tangu niapdeti, Mjini mpaka Paje inanipa mlima wa mita 900!

Dada, Unguja nzima haina kilima cha kufika mita 150. Tazama kitundu kidogo cha kupimia hewa nyuma ya kifaa: jasho na chumvi vikikiziba, vipimo huruka. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, usichokoe kwa sindano. Apdeti imesingiziwa.

*Fumba:* ELEMNT haiioni Wi-Fi ya simu yangu.

Badilisha hotspoti iwe ya 2.4 GHz, vifaa vingi vya kizazi cha nyuma havioni 5 GHz. Wi-Fi ya hoteli inayotaka uingie kwa ukurasa wa kwanza usihangaike nayo.