Somo: Kuipima picha ya mnyamapori kabla ya kuipa alama

Wiki iliyopita, katika kikundi chetu cha kupima picha za wanachama, tulikuwa na picha mbili mezani. Moja ya simba dume juu ya jabali Serengeti, nyingine ya kunguru akinywa maji bombani, Dar es Salaam. Karibu sote tulimpa simba alama za juu. Nimezikuza zote mbili. Jicho la simba lina ukungu, na kilichokaa kwenye fokasi ni nyasi zilizo mbele yake. Kunguru unaweza kumhesabu manyoya ya shingoni, na tone la maji limeganda hewani chini ya mdomo wake. Tulimpa alama mnyama, picha hatukuitazama. Ndiyo maana nimeandika somo hili.

Hatua ya 1. Ifungue katika ukubwa wake halisi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, usiipime. Mwombe mwenyewe aitume kama dokumenti. Kule Wikimedia Commons, hazina ya picha huru mtandaoni, picha isiyofikia pikseli milioni 2 haikubaliwi katika ngazi ya picha zenye ubora, na nakala zilizobanwa hivyo mara nyingi hazifiki hapo.

Hatua ya 2. Anza na jicho. Jicho likiwa wazi, tena lina nukta ya mwanga ndani yake, mambo mengine mengi yanasameheka. Likiwa na ukungu, mkia ulio wazi hausaidii kitu.

Hatua ya 3. Kama kuna ukungu, tafuta chanzo chake. Hapa ndipo wengi wetu tunaandika "haiko wazi" na kuondoka, na mpigapicha habaki na la kujifunza. Vyanzo ni vinne, na kila kimoja kina dalili yake. Fokasi ikikosea, utaona kitu kingine kiko wazi: jani, nyasi, au sikio badala ya jicho. Mkono ukitikisika, picha nzima imeburuzika upande mmoja, pamoja na mawe. Mnyama akisogea, mawe yako wazi lakini miguu au mabawa yamefutika. Mwambie aongeze kasi ya shata, yaani kamera ifunguke kwa muda mfupi zaidi, na kwa ndege anayeruka aanzie 1/2000 ya sekunde. Chanzo cha nne wengi hawakijui: joto. Picha ya tembo wa mbali Amboseli saa saba mchana hutoka na kingo zinazopindapinda kana kwamba yuko chini ya maji. Lenzi ya bei yoyote haiondoi hilo. Dawa ni kusogea karibu, au kupiga alfajiri.

Hatua ya 4. Mwanga na rangi. Mtazame yangeyange mgongoni mwa nyati. Weupe wa yangeyange ukiungua hadi manyoya yasionekane, hakuna programu itakayoyarudisha. Weusi wa nyati unaweza kuinuliwa kidogo. Kuhusu rangi, mjue mnyama kwanza ndipo umlaumu mtu. Niliwahi kuikata alama picha ya heroe wa Ziwa Natron nikidhani rangi imezidishwa. Walikuwa heroe wadogo, wenye mdomo wa rangi nzito, ambao rangi yao kwa kawaida huiva kuliko ya heroe wakubwa. Nilimwomba radhi mwenye picha, na alama nikazirudisha.

Hatua ya 5. Mpangilio. Miguu isikatwe kwenye kifundo, tawi lisichomoze kichwani, na mnyama aachiwe nafasi upande anaotazama.

Hatua ya 6. Jina na ukweli. Duma ana michirizi myeusi kama machozi kutoka machoni hadi mdomoni, na madoa yake yamejaa. Madoa ya chui ni kama maua yaliyo wazi katikati. Bado kila mwezi tunaletewa duma aliyeandikwa chui. Jina likikosewa, picha irudi kwa mwenyewe arekebishe.

Na ukiwa na shaka, omba faili ghafi la kamera (RAW), lile ambalo halijahaririwa. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia Asilia ya London yaliifuta picha iliyoshinda kundi lake katika shindano la Wildlife Photographer of the Year. Ilimwonyesha mla mchwa wa Brazili usiku, kando ya kichuguu kinachometameta. Wataalamu walilinganisha alama za mwili na manyoya yake na ya mla mchwa aliyekaushwa, aliyewekwa kwenye lango mojawapo la Hifadhi ya Emas, wakaona ni yuleyule. Mpigapicha alikana.

MASWALI YA WANACHAMA

Arusha: Shikamoo mwalimu. Sisi waongoza watalii tunapiga kwa simu kupitia darubini. Tunapimwa sawa na wenye lenzi kubwa?

Marahaba. Ndiyo, kwa hatua zilezile. Alama ni za picha, si za bei ya kifaa. Kingo nyeusi za darubini zikateni kabla ya kuleta.

Naivasha: Hapa ziwani mwenye boti hupiga mluzi, akarusha samaki, furukombe akashuka. Picha inatoka safi sana. Ni halali?

Tunaipokea, mradi maelezo yaseme wazi kwamba samaki alirushwa. Usipoandika, mtazamaji ataamini ndege alikuwa akiwinda, na hapo umemdanganya. Mimi binafsi naipa alama ndogo ya juhudi, kwa sababu ulijua atashukia wapi na lini. Kinachokataliwa kabisa ni kusogelea kiota, na gari kutoka njiani kumkaribia duma anayewinda. Picha ya hivyo haipimwi hata ikiwa safi.

Zanzibar: Nimepiga kima punju Jozani, nikafuta tawi lililopita usoni kwa programu. Je?

Kuongeza mwanga na kukata kingo, sawa. Kufuta tawi lililokuwepo, hapana. Tuletee ile ya awali, pengine tawi halisumbui kama unavyodhani.

Dar es Salaam: Mwalimu, na kunguru wangu sasa anapata ngapi?

Nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu bomba limeficha mkia, nyingine kwa maelezo: umeandika "kunguru" tu. Shingo yake ni ya kijivu, kwa hiyo ni kunguru wa India, Corvus splendens. Rekebisha hilo leo, nikuongezee moja.