Pasipoti Mbili Mfukoni: Ipi Utoe, na Uitoe Wapi

Safari yangu ya kwanza kama raia wa Kenya na Marekani niliiharibu nikiwa bado sebuleni. Nilijaza taarifa za abiria usiku kwenye simu, nikaweka namba ya pasipoti ya Kenya kwa kwenda na kurudi, nikalala. Wiki tatu baadaye, siku ya kurudi, dada wa kaunta pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, akaniuliza viza yangu ya Marekani iko wapi. Viza ya nini, na mimi ni raia? Ila pasipoti ya kuthibitisha hayo ilikuwa chini kabisa ya sanduku, imelaliwa na pakiti za majani ya chai, na watu wa foleni nzima wakapata nafasi ya kukagua nguo zangu.

Siku hiyo nilielewa kwamba uwanja wa ndege una watu wawili wenye maswali tofauti. Shirika la ndege linataka kujua kama utaruhusiwa kuingia unakokwenda, kwa sababu ukikataliwa, lenyewe ndilo litakalokurudisha. Afisa wa uhamiaji anataka kujua wewe ni nani katika nchi yake. Kwa hiyo kwenye kaunta ya ndege unaonyesha pasipoti ya unakokwenda, na kwa afisa wa uhamiaji unaonyesha pasipoti ya nchi uliyosimama.

Tuseme unatoka Boston kwenda Nairobi. Sheria ya Marekani inamtaka raia wake atoke na aingie kwa pasipoti ya Marekani. Hakuna dirisha la uhamiaji la kugongewa mhuri wa kutoka, lakini shirika la ndege hupeleka taarifa zako serikalini. Basi toa zote mbili: ya Marekani iingie kwenye rekodi, ya Kenya ionyeshe kwamba hukuhitaji idhini ya kielektroniki, ile eTA ambayo wageni wengi wanaiomba tangu Januari 2024. Ukitua JKIA, pita na ya Kenya. Wakati wa kurudi, kaunta ya ndege ipe ya Marekani. Dirisha la uhamiaji lipe ya Kenya, ile ile uliyoingia nayo. Afisa akiuliza viza ya unakokwenda, toa ya pili bila kigugumizi. Bado kuna watu wanaotokwa na jasho hapo kana kwamba wamebeba magendo. Katiba inakuruhusu.

Kanuni hiyo haiishii Marekani. Canada inamtaka raia wake mwenye uraia pacha apande ndege ya kwenda huko akiwa na pasipoti halali ya Canada. Uingereza nayo imekaza tangu Februari 2026: raia wake hawezi kuomba eTA ya Uingereza, kwa hiyo aliyezoea kurudi London na pasipoti ya nyumbani anaweza kuzuiwa kupanda ndege. Ukienda nchi ya tatu, ambako wewe si raia, tumia yoyote inayokurahisishia, mradi utoke na ile uliyoingia nayo.

Sasa sheria ya nyumbani, ambayo wengi wetu tunaijua nusu nusu. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua uraia mwingine. Aliyekuwa amechukua wa nje kabla ya hapo aliupoteza wa Kenya, na haurudi wenyewe: anauomba, na ni haki yake kurudishiwa. Aliyeupata baada ya hapo hana cha kuomba, ila ana jambo la kutangaza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inampa miezi mitatu kuiarifu serikali kwamba sasa ana uraia wa pili, na adhabu ya kunyamaza inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Sijakutana na aliyefungwa kwa hilo. Hata hivyo, fanya, na nakala ya barua utakayopewa uiweke pamoja na pasipoti.

Jirani zetu msituige bila kusoma sheria zenu. Uganda inaruhusu uraia pacha, lakini unaomba kwanza. Tanzania haiuruhusu kwa mtu mzima, na hadhi maalumu wanayopewa wanadiaspora wenye asili ya Tanzania si uraia.

Kinachotuangusha zaidi ni tarehe ya pasipoti kuisha. Ya ugenini tunaihuisha mapema kwa sababu kazi na benki zinaitegemea; ya nyumbani tunaikumbuka msiba ukitokea. Hapo unaweza kujikuta unaingia kwenu kama mgeni, kwa eTA, umehesabiwa siku za kukaa. Na kuihuisha si jambo la wiki moja: maombi yanaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unafika mwenyewe kutoa alama za vidole, na si kila ubalozi unatoa huduma hiyo, kwa hiyo huenda ukalipa nauli ya ndege kwanza. Mimi huanza mwaka mmoja kabla.

Jina nalo litazame. Ukiolewa ukabadilisha jina upande mmoja tu, tiketi italingana na pasipoti moja na kugombana na nyingine. Mpaka uzioanishe, tembea na cheti cha ndoa, na tiketi ikatwe kwa jina la pasipoti utakayompa shirika la ndege.

Mtoto aliyezaliwa nje ni raia wa Kenya ikiwa mmoja wa wazazi, baba au mama, ni raia. Mwandikishe ubalozini angali mdogo. Kutafuta makaratasi ya babu akiwa na miaka ishirini ni kazi nyingine. Na kama kuna siku utataka kuwania ubunge, jua kwamba Katiba kwa jumla hairuhusu afisa wa dola, mbunge akiwemo, kuwa na uraia pacha.

Mambo mawili hayaandikwi kwenye pasipoti. Ukikamatwa Kenya, usitegemee ubalozi wa Marekani ukuokoe kama unavyomwokoa mtalii, kwa sababu mbele ya serikali ya Kenya wewe ni Mkenya. Desturi hiyo iliandikwa tangu Mkataba wa The Hague wa 1930. Pili, Marekani humfuata raia wake kwa kodi popote alipo. Akaunti zako za benki huko nyumbani zikifikisha jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unatakiwa kuziripoti, hata kama hudaiwi hata senti.

Siku hizi pasipoti ya Kenya nimeivisha jalada jekundu na ya Marekani jeusi, zote kwenye mkoba wa begani mpaka nifike. Nikishafika nazitenganisha: moja naiacha imefungiwa nyumbani, nyingine natembea nayo, na picha za kurasa za mbele za zote mbili ziko kwenye simu ya dada yangu.