Mtoto wa mbwa: usiishie sindano ya kwanza

Leo daktari wa mifugo kanionyesha kadi ya mbwa wangu: sindano moja tu, nami nilidhani imetosha. Ukianza chanjo ya parvo (kirusi kinachosababisha kuhara na kutapika vikali kwa mbwa) akiwa na wiki 6 au 8, hapohapo weka kikumbusho kwenye simu umrudishe kila baada ya wiki 3 au 4, mpaka afikishe wiki 16. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huizima chanjo, na kwa kumtazama tu huwezi kujua itaisha lini, ndiyo maana sindano hurudiwa. Haitasaidia kama tayari ameambukizwa, au ukimwachia anuse kinyesi cha mbwa wa mtaani kabla hajamaliza. Kirusi hicho hukaa udongoni miezi mingi! Kichaa cha mbwa kina chanjo yake, kwa kawaida akifikisha miezi 3.