Namna ya Kuandaa Maonyesho ya Muda katika Makumbusho ya Pwani

Katika Makumbusho ya Lamu imehifadhiwa siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu linalopita kimo cha mtu mzima, ambalo enzi zake lilipulizwa katika harusi na sherehe za wakubwa. Siwa ya namna hiyo inaweza kuwekwa katika maonyesho ya muziki, kwa kuwa ni ala, au katika maonyesho ya wanyamapori, kwa kuwa ndovu aliuawa ndipo ikapatikana. Kwa hiyo, kabla ya kupaka ukuta rangi au kumwita seremala wa makabati, andika kwa sentensi moja swali ambalo maonyesho yako yanalijibu, na kila kifaa kisichohusiana na swali hilo kirudishe stoo hata kama kinapendeza.

Kwa kila kifaa cha kuazima, weka mkataba na upige picha za pande zote mbele ya mwenyewe, ukiandika kila ufa na kila doa.

Ala za muziki zina tabia ya kubadilika na majira. Ngozi ya ngoma hukaza wakati wa kiangazi na kulegea mvua za masika zinapoanza, na ile desturi ya wapigaji kuianika motoni haifai kabisa ndani ya ukumbi. Ilegeze kidogo ngoma ya zamani kabla ya kuiweka kabatini ili isipasuke, kisha mwombe fundi awambe ngozi kwenye ngoma nyingine mpya ambayo wageni wataruhusiwa kuipiga. Sauti zilizorekodiwa zisikilizwe kwa vipokea sauti vya masikioni, maana taarabu ikitoka kona moja na ngoma kona nyingine, mgeni hatasikia chochote zaidi ya kelele.

Wanyama na ndege waliokaushwa wanahitaji tahadhari ya aina nyingine, kwa sababu wengi wa zamani walipakwa aseniki ili wasiliwe na wadudu, na sumu hiyo haiishi kwa kupita miaka. Vaa glavu na barakoa, wala usiwapulize vumbi kwa mdomo. Ukiona unga mwembamba chini ya manyoya, kuna wadudu: funga kifaa kizima ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukishakitoa usikifungue hadi kesho yake, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu yake kama umande. Pembe za ndovu zina sheria zake. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na kuzivusha mpaka, hata kwa kuazimana, kunahitaji vibali ambavyo ni vyema kuanza kuvifuatilia miezi mingi kabla. Mara nyingi nakala inatosha. Sanamu ya Ahmed wa Marsabit, ndovu ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe mwaka 1970 na ambaye alikufa mwaka 1974, imesimama katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, na watoto huipenda vilevile.

Sanaa ya dini ndiyo inayotaka subira kubwa kuliko zote. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, yenye nakshi za wino mwekundu na mweusi, iwekwe juu ya marfaa, yaani kibao cha kuwekea msahafu, isiwe chini ya kiuno cha mtu, wala pasiwe na kitu juu yake. Niliwahi kuona msahafu umepangwa rafu ya chini, zumari zikiwa rafu ya juu, na bibi mmoja akagoma kuingia ukumbini hadi ulipohamishwa. Alikuwa na haki. Mwanga usizidi laksi 50, kwa kuwa wino uliochujuka haurudi, na ukurasa uliofunguliwa ubadilishwe mara kwa mara. Unyevu ukipita asilimia 65 kwa siku nyingi kuvu huota kwenye karatasi, hivyo weka kipima unyevu ndani ya kabati lenyewe, si ukutani, na kama una hiari usifungue maonyesho ya aina hii wakati wa masika.

Kwa vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao zilizochongwa ambazo husimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, uliza kwanza vimetoka wapi. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka 2007. Kigango kisicho na historia inayojulikana usikionyeshe, na hata chenye historia hiyo waendee kwanza wazee wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, uwasikilize bila haraka, na uwe tayari kukubali wakikataa.

Maonyesho yakifungwa, usiruhusu kifaa chochote kutoka mlangoni kabla ya kukilinganisha na picha za siku kilipoingia, ukiwa pamoja na mwenyewe na kila mmoja akatia saini.