Shirika la ndege limekufa na tiketi unayo: fanya hivi, tena chap

Desemba 2018 watu kibao walishakata tiketi za Fastjet, lile shirika la ndege za bei ya chini, kwenda Kilimanjaro na Mwanza kula Krismasi, na wengi walikata mapema kabisa maana mchezo wenyewe ndo ulikuwa hivyo, ukiwahi unapata bei ya chini ukichelewa unalia. Halafu safari zikaanza kufutwa, na tarehe 17 mwezi huohuo TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifungia leseni, ikalitaka shirika lisiuze tiketi mpya na waliokwisha lipa warudishiwe hela zao au watafutiwe usafiri mwingine. Yaani Desemba, mwezi ambao basi la Moshi lenyewe siti ni za kugombania!

Kuna kitu kimoja inabidi kikae kichwani kabla hujaanza kukimbia huku na kule. Tiketi ya promo uliyolipa miezi mitatu kabla ya safari ni mkopo, umelikopesha shirika bila riba na bila dhamana yoyote. Hela yako ya safari ya Desemba ndo inanunua mafuta ya ndege inayoruka Septemba, na mzunguko unaenda vizuri tu ilimradi watu wanaendelea kukata. Siku mwenye ndege akija kuchukua ndege yake (maana nyingi ni za kukodi) au muuza mafuta akisema leo keshi kwanza, wewe sio abiria tena, ni mdai. Kwa hiyo kwenye kila hatua hapa chini swali ni lilelile: hela yako ilipita mkono wa nani, na huyo aliyekaa katikati bado yupo hai?

Kwanza kabisa usifute safari mwenyewe. Narudia, usifute. Watu wakisikia tetesi wanaingia kwenye akaunti zao wanabonyeza kufuta ili "wawahi hela", sasa ukifuta wewe unaonekana umejitoa kwa hiari, na tiketi nyingi za bei ya chini masharti yake yanasema ukijitoa hupati kitu. Acha wao wafute. Wakifuta wao deni ni lao, ujumbe wa kufutiwa safari ndo ushahidi wako mkubwa. Na wakikupa vocha badala ya hela wakati unaona kabisa hali ni mbaya, kataa kwa maandishi, andika tu nataka hela yangu, maana vocha ya duka lililofungwa utaipeleka wapi.

Pili kusanya karatasi zako leo hii, sio kesho. Shirika likifa tovuti inazimwa, aplikesheni haifunguki, simu inaita mpaka inakata, ofisi unakuta mlinzi tu. Kwa hiyo wakati bado inafunguka piga skrinshoti ya buking yako, jina lako, ule msimbo wa buking wa herufi na namba, tarehe, kiasi ulicholipa, masharti ya tiketi, na tangazo lao la kusitisha safari. SMS ya malipo ya simu usiifute, ile namba ya muamala ni dhahabu. Jitumie vyote kwenye imeili yako mwenyewe maana simu inaibiwa.

Sasa tuje kwenye hela, na hapa tukae kidogo.

Kama ulilipa kwa kadi ya benki, Visa au Mastercard, una bahati kuliko wengine wote na wengi hawajui. Unaenda benki yako, SIO kwa shirika, unawaambia unataka kupinga malipo kwa sababu huduma uliyolipia haikutolewa. Benki yako inamrudia benki wa yule muuzaji na kudai hela, na benki yule hawezi kusema mteja wangu kafa basi, kwa kawaida anawajibika yeye. Muda wake kwa kawaida ni siku 120 kuanzia tarehe ambayo ulitakiwa kusafiri, ila usikae kusubiri siku ya 119, kuna benki zina muda wao mfupi zaidi. Dada wa kaunta anaweza akakwambia hiyo kitu haipo, usibishane naye, omba kitengo cha kadi, wale wanajua. Kadi ya kawaida ya ATM yenye nembo hizo inafaa pia, sio lazima iwe ya mkopo. Na wale wenye kadi za kidijitali za kwenye simu ulizeni kwa mtoa huduma wenu, njia ni hiyohiyo ila fomu ndo inatofautiana.

Ndugu walioko Uingereza nyie sheria imewabeba zaidi: ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji, iko kwenye kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974. Shirika la ndege la kule, Monarch, lilipoanguka Oktoba 2017 serikali ilikodi ndege ikarudisha nyumbani watu zaidi ya 80,000, jambo ambalo huku kwetu usilitegemee hata kidogo.

Ulilipa kwa M-Pesa, Tigo Pesa (siku hizi Mixx by Yas), Airtel Money? Hapa pagumu, sitakudanganya. Ile huduma ya kurudisha muamala imetengenezwa kwa mtu aliyekosea namba, na wewe hukukosea, hela ilifika ulikoituma. Piga simu huduma kwa wateja hata hivyo, uliza kama akaunti ya biashara ya shirika bado ina salio na kama malalamiko yako yanaweza kuandikishwa, chukua namba ya malalamiko. Ila nguvu yako kubwa iwe kwa mamlaka, nakuja huko.

Ulikata kwa wakala? Mfuate leo leo. Kuna mfumo wa IATA, yaani chama cha mashirika ya ndege duniani, ambao mawakala wanapitishia hela za tiketi, hela haiendi kwa shirika palepale, inakaa kidogo halafu wanalipana kwa vipindi. Shirika likisimamishwa kwenye mfumo ule hela iliyokuwa haijavuka inaweza kushikiliwa, na wakala ndo mwenye uwezo wa kuombea refandi, yaani hela irudishwe, wewe huwezi kuingia. Angalia tiketi yako kama ina namba ya tarakimu 13, hiyo ni dalili nzuri, ikiwa una zile herufi sita tu za buking inawezekana wakala aliingia kwenye tovuti akakukatia kama wewe ungejikatia, basi hapo hana pa kudai. Vyovyote vile ile hela yake ya huduma aliyokukata juu mwambie airudishe, atanung'unika ila mwambie.

Ukinunua kifurushi kizima, ndege na hoteli pamoja, mfano fungate Zanzibar, mkataba wako ni na kampuni ya utalii, sio na shirika la ndege. Wao ndo wakutafutie ndege nyingine au warudishe. Wengi wanajaribu kumsukumia abiria mzigo kwa kusema "shirika ndo limefeli sio sisi", toa risiti muoneshe jina lililoandikwa juu ni la nani.

Bima ya safari usome kabla ya kushangilia. Nyingi zinalipa ukiumwa, ukifiwa au begi likipotea, ila kufilisika kwa shirika lazima kuandikwe waziwazi, na hata kukiandikwa, ukinunua bima baada ya habari kuwa zimeshatoka magazetini hawalipi.

Mamlaka sasa. Tanzania andika TCAA, halafu nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kumsemea abiria. Kenya andika KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya kule. Barua iwe fupi: nilikata lini, nililipa kiasi gani kwa njia gani, safari ilikuwa lini, nataka nini, viambatanisho hivi hapa. Usiandike ukurasa mzima wa uchungu. Kama mpo wengi kwenye grupu la WhatsApp andikeni pamoja mkiambatanisha orodha, barua ya watu wengi haikai chini ya faili. Na fanyeni hivyo wakati leseni haijafutwa, maana mamlaka ina nguvu kwa shirika linalotaka kuruka tena, shirika ambalo halina cha kupoteza utalitisha na nini?

Ikifika kwenye ufilisi rasmi mahakama inaweka mfilisi, na tangazo linatoka kwenye magazeti na gazeti la serikali kuita wanaodai. Jaza fomu ya kuthibitisha deni, weka nakala zako, hata kama ni laki na nusu. Lakini ujue foleni ilivyo: wenye dhamana mbele, mishahara ya wafanyakazi na kodi, halafu huko nyuma kabisa ndo wewe na muuza maji ya chupa. Watu wengi wanaambulia kidogo sana au sifuri. Kenya kuna mahakama ya madai madogo inachukua kesi mpaka shilingi milioni moja, nzuri na ya haraka, ila kushinda kesi dhidi ya kampuni isiyo na hela unapata karatasi yenye muhuri tu.

Tahadhari ya matapeli hapa hapa, wanakuja haraka kama inzi. Utaona ukurasa una nembo ya shirika unasema "weka malalamiko yako hapa turudishe hela", kisha mtu anakupigia anataka namba ya siri au elfu ishirini ya "kufungua faili". Kwenye hatua zote nilizotaja hakuna hata moja inayohitaji PIN yako.

Na safari yenyewe je? Usisubiri refandi ndo ukate nyingine. Pigia mashirika mengine uulize kama wana nauli ya msaada kwa abiria waliokwama, wakati mwingine wanaweka, siti chache za siku chache, na unatakiwa kuonesha tiketi ya zamani. Vinginevyo wahi basi kabla wenzako mia moja hamsini wa ndege ileile hawajafika stendi ya Magufuli.

Kwa ambaye bado hajakata, dalili huwa zinaonekana. Ndege zinapungua, ruti zinakatwa kimyakimya, ratiba inabadilishwa kila wiki, wafanyakazi wananong'ona kuhusu mishahara. Lakini usijidanganye kwamba ndege zikijaa basi shirika ni zima. Jetlink ya Kenya ilisimama Novemba 2012 ikisema zaidi ya dola milioni 2 zake zimekwama Sudan Kusini, abiria walikuwepo na hela ilikuwepo ila haitoki. Fastjet yenyewe ilianza mwaka huohuo kwa nauli ya kuanzia 32,000 kabla ya kodi, watu tukashangilia, bila kujiuliza 32,000 inalipa mafuta ya nani. Ukitaka kukata bei ya chini kata tu, ila lipa kwa kadi, na usikate miezi sita mbele kwa shirika lililobaki na ndege moja.

Wale wa Mwanza au Mbeya wanaounganisha Dar kwenda Muscat, Doha au Dubai, ombeni tiketi moja inayobeba safari nzima badala ya kukata vipande viwili tofauti. Ikiwa moja na kipande cha ndani kikafa, shirika lililotoa tiketi ndo linahangaika kukufikisha. Zikiwa mbili, ndege ya Muscat itaondoka kwa muda wake na utahesabiwa hukutokea.