Somo: Kuandika haki za ardhi kabla mji haujawafikia

Wadau, somo hili ni la wanaoishi kwenye mashamba yanayosogelewa na mji. Kipindi cha hatari ni pale mzee wa ukoo bado anagawa ardhi, mwenyekiti wa kijiji bado anagonga muhuri, na mamlaka ya mji nayo imeshachora ramani yake. Dalali humfuata yule atakayesaini upesi.

Hatua ya 1: Orodhesheni haki zote. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo msiharakishe. Kwenye shamba moja mnaweza kumkuta mwenye shamba, mjane anayelima kona yake, mpangaji wa msimu, mfugaji anayepitisha mifugo kwenda mtoni, na jirani mwenye miembe humo. Mkiandika jina moja, wengine mmewafuta kwa kalamu. Andikeni nani, anafanya nini, tangu lini, na kwa ruhusa ya nani. Rwanda ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 kuanzia 2009 hadi 2013, lakini majaribio ya awali yalionyesha kuwa wanawake wasio na cheti cha ndoa waliachwa nje. Mke aandikwe, cheti kiwepo kisiwepo.

Hatua ya 2: Tembeeni mpaka. Majirani wa pande zote wawepo. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na mita tatu ni chumba cha mtu. Pimeni kwa futi kamba kutoka kitu kisichohama, kama daraja au kona ya nyumba.

Hatua ya 3: Tengeni barabara kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza. Kwenye jimbo la Gujarat, India, wenye mashamba huchangia sehemu ya ardhi, eneo linapangwa upya, na kila mmoja hurudishiwa kiwanja kidogo zaidi lakini chenye njia na mitaro. Nyumba zikishasimama, kila futi ya barabara inakuwa kesi.

Hatua ya 4: Bandikeni hadharani ramani yenu ya mipaka na barabara, pokeeni pingamizi, kisha ipelekeni ofisi ya ardhi. Nakala ibaki kwenu.

Maswali ya wanachama

*Nina mkataba wa mauziano wenye muhuri. Hautoshi?*
Unaonyesha kwamba mlikubaliana. Hauonyeshi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza. Waulize majirani na ndugu zake, halafu kapekue masjala ya ardhi.

*Tukimwandika mpangaji, hatadai shamba?*
Ukiandika "amekodi, msimu mmoja mmoja, kwa idhini ya fulani", umemlinda yeye na umejilinda wewe. Mgogoro hukua pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

*Hati kamili ni ghali. Tusubiri?*
Msisubiri. Sheria ya Namibia ya 2012 inaruhusu kuanza na hati ya awali: eneo zima linasajiliwa kwa pamoja, haki ya kila kaya inaandikwa, na baadaye hati hupandishwa daraja. Ulizeni kama sheria yenu ina ngazi ya namna hiyo. Kama haina, daftari lililosainiwa na majirani wote lianze leo, maana siku ya kudai fidia mtaulizwa ushahidi.